Wasichana na fizika: tuulize nyota



Kila mwaka, wakati wa kuchagua seksiyo ukifika, tunasikia maneno yale yale katika kiwanja cha masomo: «Fizika ni ya wavulana, wasichana waende pedagojia ao kushona.» Wengine wanasema kwa kucheka tu. Lakini baadaye tunaona kilasi ya math-fizika iko na wasichana wawili, ao hakuna hata mmoja. Sisi wa gazeti hili hatukubali, na ushuhuda wetu tunautoa mbali sana: kwa nyota.

Sote tumefundishwa ya kwamba mwanga wa jua ukipita katika prisma unagawanyika rangi kama upinde wa mvua. Ukiangalia vizuri sana, ndani ya zile rangi kuko mistari myeusi. Fraunhofer, fundi wa vioo wa Ujerumani, alihesabu zaidi ya 500 karibu mwaka 1814. Mwaka 1859 Kirchhoff na Bunsen wakaeleza: kila kitu kiko na mistari yake, kama kila mtu na alama ya kidole chake. Mwenye kutaka kuhakikisha aende jikoni. Chumvi ikianguka ndani ya moto, ulimi wa moto unageuka manjano: ni sodiumu inajitaja. Na katika mwanga wa jua, mahali pale pale, kuko mstari mweusi. (Wale wanaosema msichana ni wa jikoni, wafikiri kidogo hapo!)

Basi wataalamu waliona katika nyota mistari mingi ya chuma na vitu vingine vya dunia yetu, wakasema nyota na dunia zimefanywa namna moja. Hivyo ndivyo wakubwa walifundisha.

Cecilia Payne alisoma Cambridge, Uingereza, mahali ambapo wanawake hawakupewa diploma mpaka 1948. Mwaka 1923 akavuka bahari kwenda Harvard, Marekani. Kule alikuta picha nyingi sana za mwanga wa nyota, zilizopigwa juu ya vioo. Aliyezipanga ni mwanamke pia, Annie Cannon, ambaye masikio yake hayakusikia vizuri; katika maisha yake alipanga nyota karibu 350 000. Payne akachukua tena hesabu ya 1920 ya Meghnad Saha, mtoto wa mwenye duka wa Bengali, inchi iliyokuwa bado chini ya Waingereza. Hesabu ile inaonyesha ya kwamba nguvu ya mstari haitoki kwa wingi wa kitu peke yake. Joto nalo linaigeuza sana. Ni kama sokoni: wenye kupiga kelele si wao walio wengi. Uso wa Jua uko na joto la digri karibu 5 500, na kwa joto hilo hidrojeni karibu yote inanyamaza katika mwanga tunaouona kwa macho. Payne akawahesabu wanyamavu. Akakuta hidrojeni na heliumu ndizo karibu kila kitu ndani ya nyota.

Mwalimu mkubwa wa Princeton, Henry Norris Russell, akamwambia haiwezekani. Kijana wa miaka 25 afanye nini? Katika kitabu chake cha udaktari, 1925, aliandika ya kwamba matokeo yale karibu hakika si ya kweli. Mwaka 1929 Russell mwenyewe akafikia jibu lile lile kwa njia ingine, akataja kazi ya Payne. Hatusemi alikuwa mtu mbaya. Lakini miaka ine!

Na jibu lile si dogo. Katika miaka ya 1860 Huggins alipima mwanga wa wingu la Orion, lile tunaloliona Januari karibu na nyota tatu zilizopangwa mstari, akakuta mistari michache yenye kung'aa: ni gazi. Mule nyota zinazaliwa mpaka leo. Gazi inajikusanya kwa uzito wake, inapata joto, mpaka hidrojeni inaanza kugeuka heliumu. Mtu akishikilia kwamba nyota ni chuma zaidi, ataeleza kuzaliwa huko namna gani?

Payne alifanywa profesa wa Harvard mwaka 1956 tu. Kwa hiyo tunaomba wazazi na walimu wetu: waangalie pointi za hesabu na fizika, wasiangalie sketi. Na wewe dada, ile fomu ijaze kwa mkono wako mwenyewe. Mwenye kupinga atuandikie, nafasi iko ukurasa wa nne.