Kamera Inapoisoma Vibaya Namba ya Gari

Kamera isomayo namba za magari ilibuniwa na wanasayansi wa polisi nchini Uingereza mwaka 1976. Kamera hupiga picha ya kibao cha namba. Kompyuta hutenga kila herufi na tarakimu, kisha huitafuta namba hiyo katika orodha ya magari yanayosakwa. Ikiipata, kengele hulia. Je, mlio huo pekee wampa askari haki ya kumsimamisha dereva?

Huko Marekani, Mahakama Kuu iliamua mwaka 1979 kwamba askari hawezi kulisimamisha gari kwa kubahatisha tu. Sharti awe na shaka yenye msingi. Basi usiku mmoja wa Machi 2009, mjini San Francisco, kamera ya gari la polisi iliisoma tarakimu 3 kuwa 7. Namba iliyotokana na kosa hilo ilikuwa ya gari la mizigo la GMC lililoibwa, ilhali gari lililopita lilikuwa Lexus, tena likiendeshwa na mwanamke mwenye gari hilo kihalali. Picha haikuonekana vema kwa sababu ya giza. Askari aliyemfuata alisimama nyuma yake kwenye taa nyekundu, wala hakukisoma kibao. Mama huyo alipigishwa magoti na kufungwa pingu huku silaha zikimwelekea. Mwaka 2014 mahakama ya rufani iliirejesha kesi yake isikilizwe, ikisema kwamba mlio usiothibitishwa hautoshi peke yake kuwa msingi wa shaka.

Hukumu hiyo naiunga mkono, na sababu yangu ni ya hesabu. Tuseme kamera inasoma namba za magari 10,000, na kati yake 2 tu yameibwa. Tuseme pia kwamba ni mara moja tu katika kila magari 1,000 ambapo kengele hulia kwa makosa. Wengi watakisifu chombo kama hicho. Lakini milio itakuwa 12, na 10 kati yake itawaangukia watu wasio na hatia! (Mwalimu aweza kuwapa wanafunzi zoezi hili, akibadilisha idadi ya magari yaliyoibwa.)

Wapo watakaoitaja kesi ya Kansas ya mwaka 2020, ambapo majaji 8 dhidi ya 1 walikubali dereva asimamishwe kwa sababu tu mwenye gari alikuwa amefutiwa leseni. Huko, hata hivyo, askari aliitazama namba mwenyewe, nayo ilikuwa sahihi. Tena mahakama ilieleza kwamba shaka huweza kutoweka, mathalani ikiwa mwenye gari ni mzee wa kiume na anayeonekana kwenye usukani ni msichana.

Kuthibitisha huchukua sekunde chache: kukisoma kibao kwa macho, kulinganisha aina ya gari, na kuuliza kwa redio kama gari hilo bado linasakwa, maana lililokwisha kupatikana huweza kusahauliwa orodhani.