Sakafu ya mbao: ilipiwe kwanza kazi isiyoonekana

Mteja anayenunua sakafu ya mbao ngumu Marekani au Kanada huonyeshwa dukani kipande cha mwaloni kilichong'arishwa, kisha huulizwa anataka rangi gani, upana gani na vanishi ipi. Ni nadra kuulizwa kuna nini chini ya zulia anapotarajia kuiweka. Hasara huanzia kwenye swali hilo ambalo halikuulizwa.

Nyumba nyingi huko hazikujengwa juu ya jamvi la zege kama nyumba nyingi za Dar es Salaam au Nairobi. Zimesimama juu ya boriti za mbao, aghalabu zilizopangwa kila baada ya inchi 16, na juu ya boriti hizo hupigiliwa plaiwudi au mbao za vipande vilivyogandishwa kwa gundi. Hiyo ndiyo sakafu ya chini, nayo haikai ilivyo siku zote. Boriti hupinda zikikauka. Kingo za plaiwudi hufura zikinyeshewa wakati wa ujenzi. Katika nyumba kongwe boriti hulegea katikati, na pale zinapokalia mhimili mkuu hubaki tuta linalovuka chumba kizima.

Wenye kazi yao wameliwekea jambo hili kipimo. Miongozo ya chama chao cha Marekani, National Wood Flooring Association, inasema sakafu ya chini ya mbao za kupigilia isipishane zaidi ya robo inchi ndani ya futi 10, yaani kama milimita 6 ndani ya mita 3. Mbao za kubandika kwa gundi hudai zaidi: 3/16 ya inchi kwa urefu uleule. Kipimo hiki hakiulizi kama sakafu imeinamia upande mmoja. Chumba kinaweza kuinama kidogo na mbao zikadumu. Kinachoziua ni mabonde na matuta.

Kipimo kikipuuzwa, mteja hayaoni madhara siku ya makabidhiano. Ubao uliopita juu ya bonde huwa umening'inia. Kila mtu akiukanyaga hushuka, msumari hucheza ndani ya tundu lake, ulimi wa ubao mmoja husuguana na mfereji wa mwenzake, na sakafu huanza kulia. Juu ya tuta, viungo hufunguka na kuacha nyufa zinazojaa vumbi. Kufikia hapo, kurekebisha ni kung'oa mbao ambazo tayari zimelipiwa.

Kazi ya kusawazisha si ya miujiza, ila inataka subira. Fundi hupiga magoti na rula ya alumini ya futi 10, akaizungusha sakafuni kama mshale wa saa huku akichungulia mwanga unaopenya chini yake na kuchora kwa penseli duara la kila bonde na msalaba wa kila tuta. Kabla ya kugusa kingine, hukaza plaiwudi kwenye boriti kwa skrubu, maana sehemu iliyolegea hudanganya kipimo. Kingo zilizofura hupunguzwa kwa mashine ya msasa. Kama tuta limeletwa na boriti iliyopinda, plaiwudi hufunguliwa na mgongo wa boriti kupigwa randa kidogo, kwa sababu kuisaga plaiwudi mpaka iwe nyembamba ni kuipokonya nguvu ya kushika misumari.

Bonde dogo hujazwa kwa tabaka za karatasi ya lami au vipande vya plaiwudi nyembamba, vinavyopunguzwa upana hatua kwa hatua kufuata umbo la shimo. Vitu hivyo hupitisha msumari bila kuvunjika. Unga wa saruji wa kusawazishia unaweza kupasuka chini ya misumari, kwa hiyo hautumiki bila idhini ya waliouzalisha. Bonde kubwa ni suala jingine kabisa. Fundi hana budi kushuka chini ya nyumba kutafuta uozo au boriti iliyokatwa ili kupitisha bomba, kisha aongeze boriti mpya ubavuni mwa ile dhaifu.

Yapo pia mambo ya afya. Marekani ilipiga marufuku rangi ya risasi majumbani mwaka 1978, na vigae vingi vya zamani vya vinili pamoja na gundi yake nyeusi vilikuwa na asbesto. Katika nyumba za zamani, mashine ya msasa isiwashwe kabla ya vipimo. Hakuna haraka ya mteja inayostahili mapafu ya fundi.

Yote haya hula saa na fedha, na ndiyo maana huachwa. Fundi anayeandika gharama ya kusawazisha huonekana ghali mbele ya mwenzake aliyeificha, na mteja humchagua wa bei ya chini. Hapa mteja naye ana lawama, kwa kuwa anainunua kazi ya kulipua bila kujua. Baadhi ya mafundi hujitetea kwamba hali haijulikani mpaka zulia litoke. Ni kweli, lakini dawa yake ipo: bei ya kusawazisha ikubaliwe mapema kwa saa au kwa eneo, na hesabu ya mwisho ifanyike baada ya kupima.

Afrika Mashariki nako kuna nyumba zenye sakafu za vipande vya mninga juu ya zege. Huko vifaa hubadilika, lakini mabonde na unyevu hutesa mbao vilevile.

Kwa hiyo mteja asitie saini makadirio yasiyotaja kupima na kusawazisha sakafu ya chini. Aombe rula ilazwe mbele yake, kona hadi kona, na vipimo viandikwe pamoja na unyevu wa mbao na wa sakafu iliyo chini yake. Fundi atakayekataa kufanya hivyo asipewe malipo ya awali.