Si Bando, ni Pango

Mshahara wa kijana ukikata kabla ya tarehe ishirini, watu humtafuta mchawi mkononi mwake: simu kubwa, bando, chipsi mayai za jioni. Angebana matumizi, wanasema, angekwisha kujitegemea. Haba na haba hujaza kibaba. Imani hii ni potofu, tena inamtwisha kijana wa Dar es Salaam aibu isiyo yake. Tupige hesabu. Amri ya mishahara iliyoanza kutumika Januari 2023 iliweka kima cha chini cha sekta ya biashara na viwanda kuwa Sh150,000 kwa mwezi. Tuchukulie chumba kimoja cha Sh80,000. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita, dalali anataka ya mwezi mmoja: Sh560,000 taslimu, godoro bado halijanunuliwa. Anayetumia bando la Sh1,000 kila siku, akiliacha kabisa, atazifikisha fedha hizo baada ya miezi kumi na tisa hivi. Akishaingia, miezi sita haipiti kabla hajadaiwa nyingine Sh480,000. Na bando hilo linalolaumiwa ndilo linalomlisha bodaboda anayepata abiria kwa programu ya simu, na mshonaji anayepokea oda kwa WhatsApp.

Kinachommaliza kijana ni namna anavyotakiwa kulipa. Riziki yake huja kwa siku, ikizidi sana kwa mwezi. Pango linadaiwa kwa nusu mwaka. Fungu lake lote likishakwenda kwa mwenye nyumba, vilivyobaki hununua kwa kupimiwa: mafuta ya kula ya kupima, mkaa wa kopo. Kwa kila lita na kila kilo humtoka zaidi ya anayebeba dumu na gunia zima. Hata kodi ya majengo, ambayo kisheria ni ya mwenye jengo, tangu 2021 inakatwa kupitia LUKU, kwa hiyo anayenunua umeme ndiye anayeitoa kwanza, na wapangaji wangapi wana ubavu wa kuidai irudishwe?

Wapo wanaosema ahamie pembezoni kwenye vyumba vya bei nafuu. Desemba 2023 nauli ya daladala kwa safari isiyozidi kilomita kumi ilipanda kutoka Sh500 hadi Sh600. Anayepanda magari mawili kwenda na mawili kurudi hutoa si chini ya Sh2,400 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi ni Sh62,400. Unafuu wa chumba umeishia barabarani. Wengine watataja nyongeza ya mishahara, na ni kweli kima cha chini cha serikali kilitoka Sh370,000 hadi Sh500,000 Julai 2025, ila muuza duka wa Kariakoo hayumo katika orodha ya watumishi wa serikali.

Hoja nzito zaidi ni ya mwenye nyumba mwenyewe. Wengi wamejenga tofali kwa tofali bila mkopo wa benki, na kodi ya mkupuo ndiyo inayonunua saruji ya chumba kinachofuata. Naielewa shida hiyo. Lakini maana yake ni kwamba mpangaji wa miaka ishirini na mitatu amegeuzwa benki ya mjenzi, anamkopesha mtu mwenye mali kuliko yeye, na hapati hata senti ya riba. Sheria iseme kodi ni ya mwezi kwa mwezi, pamoja na dhamana ya mwezi mmoja inayorudishwa mpangaji akihama, na mjenzi atafutiwe mkopo kwa anayestahili kukopesha.