Wanafunzi wa Kibuye watafutiwe uwanja wa kurushia ndege zao

Mtu atembeaye katika soko la Kibuye siku ya Jumapili haoni uhaba wa vitu vya kuundia. Mna mabati, nyaya, vipuri vya redio kuukuu, na lile povu gumu jeupe linalokinga televisheni isivunjike njiani. Mwanafunzi mwenye bidii, akiongozwa na mwalimu wake wa Fizikia, aweza kuchonga mabawa kwa povu hilo, akatia mota ndogo, betri na kipokezi cha redio, akapata ndege ya mfano iwezayo kuruka. Kisichopatikana Kibuye ni mahali pa kuirushia.

Aghalabu mawazo hukimbilia kiwanja cha mpira cha shule. Hapa yafaa tuwe wakweli: kiwanja hicho hakifai. Kibuye ni mahali penye umati wa watu, barabara ya kwenda Kakamega, nyaya za umeme na paa zilizosongamana. Ndege ya mfano yenye uzito wa kilo 2, ikienda kasi ya kilomita 60 kwa saa, si mchezo wa kitoto. Rafadha yake yaweza kukata vidole, na ikikosa mawasiliano na mwongozaji wake haichagui itakapoanguka.

Lililo zito zaidi ni kwamba Uwanja wa Ndege wa Kisumu uko kilomita chache tu kutoka Kibuye. Ndege za abiria zinapotua au kupaa huwa chini angani, na rubani hana nafasi ya kukwepa kitu kidogo kilichojitokeza ghafla mbele yake. Ndiyo maana Kenya ilitunga, mwaka 2020, kanuni za kusimamia ndege zisizo na rubani. Mwalimu anayetaka kuanzisha chama cha ndege za mfano yampasa aiandikie Mamlaka ya Usafiri wa Ndege nchini kabla ya kununua hata betri moja, aelezwe ni wapi anaruhusiwa na kwa masharti gani. Kinga ni bora kuliko tiba.

Hata hivyo, kukataza peke yake hakutoshi. Kijana aliyeunda kitu kwa mikono yake atataka kukijaribu. Asipoonyeshwa mahali pa halali atakwenda kukirushia nyuma ya soko, mbali na macho ya mwalimu. Kwa hivyo hatari itazidi badala ya kupungua. Jawabu ni kutafuta uwanja mmoja wa pamoja, nje kabisa ya eneo la uwanja wa ndege, utakaotumiwa kwa zamu na shule zote za mji huu.

Kisumu si mgeni wa mambo haya. Katika miaka ya 1930 ndege za majini za shirika la Imperial Airways zilitua juu ya Ziwa Victoria papa hapa. Ziwa lilikuwa na sifa ambazo kila njia ya kurukia yazihitaji: upana, usawa, na pande zisizo na miti wala majengo. Wanafunzi watafute sifa zizo hizo katika nchi kavu.

Somo la upepo nalo liko karibu nao. Njia ya kurukia ya Uwanja wa Ndege wa Kisumu imepewa nambari 06 na 24, maana yake ni kwamba yaelekea nyuzi 60 na 240 za dira, yaani kaskazini mashariki na kusini magharibi. Mchana upepo huvuma kutoka ziwani kuja nchi kavu. Usiku hadi alfajiri hugeuka ukatoka bara. Ndege, iwe kubwa au ndogo, hupaa na kutua ikiukabili upepo. Wanafunzi wakisimamisha mlingoti wenye kitambaa, wakaandika mwelekeo wa upepo asubuhi na alasiri kwa muhula mzima, watajua wenyewe njia yao ielekezwe wapi. Watajifunza pia kwamba asubuhi ndiyo saa njema, kwa kuwa alasiri pepo huwa kali na radi za Kisumu hazina mzaha.

Mashariki, kuelekea Ahero, uwanda wa Kano ni tambarare na umbali wake kutoka uwanja wa ndege watosha. Lakini udongo wake mweusi hupasuka nyufa wakati wa kiangazi na hugeuka tope wakati wa masika, na mafuriko ya mto Nyando yajulikana na kila mtu. Basi pachaguliwe mahali palipoinuka kidogo. Kwa ndege yenye mabawa ya mita moja au moja na nusu, njia ya urefu wa mita 100 na upana wa mita 10 yatosha, mradi ncha zake zote mbili ziwe wazi. Vichuguu ving'olewe, mashimo yajazwe na kushindiliwa, katikati painuliwe kidogo ili maji yatiririke kwenye mitaro ya kando. Nyasi fupi za kutambaa ni bora kuliko changarawe, maana mawe huvunja rafadha. Pipa lililojazwa maji, likivutwa na wanafunzi wanne, laweza kuwa mtambo wa kusawazishia. Marubani wasimame upande mmoja wa njia, jua likiwa mgongoni mwao, na watazamaji wawe nyuma yao, wala pasiwe na mtu wala mifugo upande ambako ndege huzungukia.

Tatizo kubwa ni ardhi yenyewe. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 ilifichua jinsi ardhi ya umma ilivyogawanywa kinyume cha sheria, na mnamo Januari 2015 wanafunzi wa shule ya msingi ya Lang'ata Road jijini Nairobi walirushiwa gesi ya kutoa machozi walipokuwa wakidai uwanja wao wa michezo. Kiwanja kisichotumiwa huonwa na wanyakuzi kuwa hakina mwenyewe. Kwa sababu hiyo twapendekeza mapatano ya maandishi na shule yenye uwanja mpana nje ya mji, ili njia hiyo itumiwe na ndege siku moja kwa wiki na siku nyingine iwe ya riadha na malisho. Ardhi itumiwayo na wengi ina walinzi wengi.

Wapo watakaouliza ni vipi tuzungumze habari za ndege za povu ilhali shule nyingine hazina madawati wala vyoo. Swali hilo ni la haki. Lakini hatuombi lami wala jengo. Twaomba mapatano, majembe na Jumamosi chache za kazi. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019 kuanzia madarasa ya chini, wasisitiza kutenda kuliko kukariri. Kupima ardhi, kusoma dira, kuondoa maji shambani na kuomba idhini kwa barua iliyoandikwa vyema, yote hayo ni masomo yanayokamilika hata kabla ya ndege kupaa.

Twatoa wito kwa serikali ya Kaunti ya Kisumu na walimu wakuu wakutane na kulitatua jambo hili. Uwanja ukingojewa, wanafunzi wa Kibuye warushe ndege za karatasi ndani ya kumbi za shule na kupima mwendo wake. Nao wasione haya kungoja: rubani wa kweli hapai mpaka aruhusiwe.