Kocha Arudipo Kwao



Huku kwetu Unyamwezini lipo swali moja ambalo huulizwa upesi mno kila aonekanapo kijana msomi akishuka kwenye basi na sanduku lake: "Kimemshinda nini huko?" Haulizwi yeye mwenyewe. Huulizwa jirani, kisimani au chini ya mwembe, tena kwa sauti ya chini kana kwamba kuna msiba. Na ikiwa aliyeshuka ni binti, swali huota mkia, nao mkia huo hatutauandika hapa maana kila mmoja wetu anaujua. Juma hili twapenda kulitazama swali hilo, kwa kuwa tunaamini linatugharimu kuliko tudhanivyo.

Tuanze na mwanamke mmoja wa nchi jirani. Tegla Loroupe alizaliwa mwaka 1973 katika nchi ya Wapokoti, kaskazini-magharibi ya Kenya, katika familia ya mitala yenye watoto zaidi ya ishirini. Shule ilikuwa mbali, yapata kilometa kumi, naye aliiendea mbio, miguu mitupu, ili asichelewe. Baba yake hakuona maana ya binti kukimbia. Mama yake aliiona. Wakubwa wa riadha nao walimwona mdogo mno wa umbo. Pamoja na hayo yote, mwaka 1994 akawa mwanamke wa kwanza kutoka Afrika kushinda marathoni ya New York, akashinda tena mwaka 1995 akiwa katika majonzi ya kufiwa na dada yake. Mwaka 1998 kule Rotterdam aliweka rekodi ya dunia ya marathoni kwa wanawake, saa 2, dakika 20 na sekunde 47, na mwaka uliofuata huko Berlin akaipunguza kwa sekunde nne. Mara tatu mfululizo, 1997, 1998 na 1999, alikuwa bingwa wa dunia wa nusu marathoni. Sehemu kubwa ya miaka hiyo aliishi na kufanya mazoezi Ujerumani.

Mtu wa namna hiyo angeweza kubaki Ulaya, akafundisha watoto wa watu wenye uwezo, akaja nyumbani Krismasi na zawadi. Hakuna ambaye angemlaumu. Yeye alirudi. Mwaka 2003 aliunda taasisi ya amani yenye jina lake, na mji wa Kapenguria, makao makuu ya nchi ya kwao, ukawa mahali pa mbio za amani. Walioalikwa kukimbia hawakuwa wanariadha tu, bali wachunga ng'ombe wenye bunduki: Wapokoti, Waturkana, Wamarakwet, Wakaramojong na wengine waliokuwa wakiporana mifugo na kuuana. Mwaka 2006 wapiganaji wapatao 2,000 wa makabila sita walikimbia pamoja. Papo hapo Kapenguria akaanzisha shule kwa ajili ya watoto walioachwa yatima na mapigano hayo. Tena ni yeye aliyekwenda kambi ya wakimbizi ya Kakuma kutafuta wakimbiaji. Vijana watano wa Sudan Kusini waliofanya mazoezi chini ya taasisi yake huko Ngong wakawa nusu ya ile timu ya kwanza ya wakimbizi katika Michezo ya Olimpiki, Rio de Janeiro, mwaka 2016. Kiongozi wa msafara wao alikuwa yeye mwenyewe.

Tunaomba msomaji atue hapo kidogo. Ni nani mwingine angewaita wachungaji wale waje kukimbia? Mtaalamu wa amani angetoka Nairobi na gari lake na karatasi zake, akawahutubia nusu siku, akaondoka. Loroupe aliijua njaa yao, aliijua thamani ya ng'ombe, alijua jina la kila kilima. Lakini tusiufanye ukweli kuwa mtamu kupita kiasi: kwa Waturkana yeye alikuwa binti wa upande wa adui. Kuwa mwenyeji hakukumsafishia njia yote. Kulimpa mlango wa kuingilia. Kazi ya kuaminiwa ilimbidi aifanye mwaka hata mwaka, mbio hata mbio.

Upo mfano mwingine kutoka mbali zaidi, nao unahusu mpira wa kikapu. Huko Marekani michezo ya vyuo vikuu ni jambo kubwa, na kocha wa timu ya wanawake ya chuo hujulikana kuliko wakuu wengi wa chuo hicho. Dawn Staley alizaliwa mwaka 1970 akakulia kaskazini mwa mji wa Philadelphia, katika majengo yaliyojengwa kwa ajili ya maskini, akijifunza mpira pamoja na wavulana wa mtaani. Mpira ukamsomesha Chuo Kikuu cha Virginia, ukampatia medali tatu za dhahabu za Olimpiki: 1996, 2000 na 2004. Mwaka 2000, angali mchezaji wa kulipwa, alikubali kufundisha timu ya wanawake ya Chuo Kikuu cha Temple. Chuo hicho kipo Philadelphia kaskazini, jirani na kule alikokulia. Hakuwahi kuwa kocha kabla ya hapo. Kwa miaka minane aliipeleka timu ile mara sita katika mashindano ya taifa ya vyuo, na wasichana wa mitaa ile wakamwona kila siku kwa macho yao, si katika televisheni.

Halafu, mwaka 2008, aliondoka tena. Alikwenda Chuo Kikuu cha South Carolina, jimbo alikotoka mama yake, na huko ametwaa ubingwa wa taifa mara tatu: 2017, 2022 na 2024. Wako watakaosema basi hakurudi kweli. Sisi hatuoni hivyo. Miaka minane ni umri wa mtoto tangu darasa la kwanza hata kuingia sekondari. Kizazi kizima cha wasichana kilipita mikononi mwake. Anayerudi kwao hakuapa kuzikwa hapo kesho yake. Tena tunashuku kwamba vijana wengi wangerudi laiti wangejua kuwa mlango wa kutokea hautafungwa nyuma yao.

Sasa tuje nyumbani. Isikizya nayo, kama Kapenguria, ni makao makuu: hapa ndipo zilipo ofisi za Wilaya ya Uyui, kando ya barabara iendayo Nzega. Watumishi huja asubuhi, na wako ambao jua likielekea kuzama huwa wamekwisha kurudi Tabora mjini. Hatuwasemi vibaya; kila mtu na familia yake. Ila tazameni kiwanja cha shule saa kumi jioni. Wavulana wana mpira wao, wana refa wao, hata watazamaji wanao. Wasichana hucheza mpira wa pete, na kikapu pale ambapo nguzo zipo, lakini mara nyingi ni pale tu mashindano ya UMISSETA yanapokaribia. Yakipita, mpira hurudi stoo. Anayewafundisha ni mwalimu wa kiume, mara nyingi wa hisabati au jiografia, aliyepewa kazi hiyo kwa kuwa hakuna mwingine.

Na wazazi wana hofu. Baba na mayo wa nyumba nyingi humkataza binti kubaki mazoezini kwa sababu hawamjui anayebaki naye hadi giza liingie. Wako wanaoiita hofu hiyo ushamba. Sisi hatuiiti hivyo, kwa maana tumekaa na wazazi ambao mabinti wao masomo yaliwakatikia njiani, na tunajua mambo hayo huanzia wapi. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu wasichana walioacha shule kwa ujauzito warudi darasani, nasi tunaona ni haki ilivyofanyika. Lakini heri kupata mtu wa kumlinda binti kabla. Kocha mwanamke, mzaliwa wa hapa, ambaye mama yake anajulikana sokoni na nyumba yake inajulikana njia, huondoa nusu ya hofu hiyo siku ya kwanza. Mzazi humkabidhi mtoto kwa mtu ambaye ukoo wake anaweza kuubishia hodi.

Ndiyo maana lile swali la kisimani linatuudhi. Tena si swali la asili yetu. Ikumbukwe njia ambayo eneo hili limekaa kandokando yake. Katika karne ya 19 misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Unyanyembe, na kutoka hapo ikaendelea hadi Ujiji. Wabebaji wengi walikuwa Wanyamwezi, na kijana ambaye hajaiona pwani alihesabiwa kuwa bado mtoto. (Wanawake pia walikuwamo katika misafara ile, jambo ambalo masimulizi mengi hulipita haraka.) Safari zilipangwa kufuata majira ya kilimo, ili wengi wawahi kuwa nyumbani mvua inapoanza. Wapo waliobaki njiani na pwani, wakaoa, wakasahau. Lakini yule aliyerudi na nguo, shanga na habari za dunia alipokewa kama mtu aliyekamilika. Hakuna aliyemwuliza mpagazi aliyerudi kimemshinda nini pwani. Kurudi ndiko kulikoifanya safari ihesabiwe.

Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 kazi ile ya mabega ilikuwa inakwisha, ikaja safari ya namna nyingine, ya shule. Hapo nadhani ndipo tulipopinda. Elimu ikawa tiketi ya kwenda tu. Hata hivyo mfano mwema tulikuwa nao mlangoni: Julius Nyerere alisoma shule ya serikali ya Tabora kuanzia mwaka 1937 hadi 1942, akaenda Makerere, na mwaka 1946 akarudi mji uleule kufundisha katika shule ya Mtakatifu Maria, akakaa hadi mwaka 1949 alipokwenda Uskoti. Alipomaliza kazi ya taifa akarudi Butiama kulima. Aliyekuwa Rais hakuona haya kurudi kijijini. Iweje mwenye cheti cha ualimu aone?

Sisi wasomaji wa Injili tungepaswa kulijua jambo hili mapema kuliko wengine. Marko, katika sura ya sita, anasimulia jinsi Bwana alivyorudi Nazareti akafundisha katika sinagogi, na wenyeji wakaanza kuulizana juu ya ufundi wake wa seremala, juu ya mama yake na ndugu zake. Swali lao lilikuwa ndugu wa damu wa swali letu. Na mwinjili hasemi tu kwamba walimkosea heshima. Anasema kuwa kwa sababu ya kutoamini kwao hakuweza kufanya huko miujiza, ila wagonjwa wachache aliowaponya. Walioipoteza miujiza ni Wanazareti.

Lakini tusiwe wepesi wa kuwahubiria vijana peke yao. Anayerudi hukutana na mambo mawili mazito. La kwanza ni ukoo. Siku ya tatu tu orodha ya karo, dawa na mabati huwa imeshafika, kana kwamba binti yule alirudi na benki. Msaada kwa ndugu ni jambo jema, ila kocha anayedaiwa na nyumba kumi na mbili hatadumu hata mwaka mmoja. La pili ni posho. Tunapenda sana neno kujitolea, hasa anayejitolea akiwa ni mtu mwingine. Loroupe na Staley walirudi wakiwa na kipato walichokitafuta mbali. Mwalimu wa kike wa miaka ishirini na sita hana akiba ya New York. Kumwambia arudi kwa moyo tu ni kumdanganya, na hatutaki kuwa miongoni mwa wanaomdanganya.

Kwa hiyo maneno yasibaki hapa. Nyuma ya nyumba ya parokia upo uwanja ambao hulishwa mbuzi zaidi ya unavyochezewa. Kamati ya utendaji ya walei itakaa Jumapili ijayo baada ya Misa ya pili. Vijana wa VIWAWA wameahidi nguvu ya kusawazisha ardhi na kusimamisha nguzo mbili. Mafundi wa kuchomelea wanaoweza kutupatia pete mbili za chuma wamwone katibu. Akina mama wa WAWATA wao wameleta maswali mawili ambayo tumeyaweka mwanzoni mwa ajenda: ni nani atakayekaa na mabinti hadi saa kumi na mbili jioni, na atalipwa nini kila mwisho wa mwezi.