Mbwa Kijana Apewe Jembe

Kila likizo inapokaribia, habari za mbwa husikika mabwenini. Huyu asema wezi wamezidi kwao, ataka mbwa mkali. Yule asema amechoka kukaa peke yake siku nzima, ataka rafiki wa kukimbia naye. Na siku hizi wengi wamekwisha kujua ya kuwa si lazima kununua mbwa, kwa maana yako makao ya wanyama ambayo hutoa mbwa wasio na wenyewe kwa watu wenye nia njema.

Shauri langu juu ya jambo hili nadhani halitawapendeza wote. Mwanafunzi wa bweni asichukue mbwa kijana katika makao hayo. Lakini ndugu zetu waliokwisha kuondoka shuleni, wenye kazi, nyumba na ua, wachukue. Tena wamchukue yule yule ambaye wengine humpita, yaani mbwa mwenye nguvu nyingi.

Makao ya wanyama si jambo jipya. Katika mwaka 1860 mama mmoja wa Kiingereza, jina lake Mary Tealby, alifungua nyumba ya mbwa waliopotea katika mtaa wa Holloway, London. Walikuwako watu waliomcheka, hata magazetini. Lakini nyumba ile ilihamia Battersea mwaka 1871, na ingali ikifanya kazi hata leo. Huko Nairobi chama cha KSPCA huhesabu kazi yake tangu mwaka 1910, na hapa kwetu Uganda chama cha USPCA kina makao yake Kampala.

Sasa tumtazame huyo mbwa kijana. Mbwa akifika miezi sita hivi huacha utoto, lakini akili ya utu uzima haijafika mpaka atimize mwaka mmoja na nusu, au hata miwili. Katika muda huo mwili wake una nguvu, meno yake yote yameota, na masikio yake huwa kama yamezibwa. Aliyekuwa akija mbio akiitwa jana, leo hutazama kando. Hutafuna viatu, huchimba bustani, huwarukia wageni, hufukuza kuku. Hapo mwenyewe husema, "Mbwa huyu ameharibika," akamtoa. Kwa hiyo makao ya wanyama hayakosi mbwa wa umri huo, nao wengi hawana ubaya wo wote. Kosa lao ni ujana, na sisi wanafunzi tusingependa kuhukumiwa kwa kosa hilo.

Wazee wetu walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Neno hili lamfaa mbwa kijana kuliko chakula kingi. Mbwa asiye na kazi hujitafutia kazi yake mwenyewe, wala hataichagua ile unayoipenda wewe. Jembe lake ni nini? Ni kutembezwa asubuhi kabla ya jua kali, na jioni tena. Ni kufundishwa kuja akiitwa, kuketi kabla ya kupewa chakula, na kutembea na kamba bila kuvuta. Ni kutawanyiwa chakula chake majanini akitafute kwa pua, kwa maana kazi ya pua humchosha mbwa kuliko watu wanavyodhani. Mafunzo yawe mafupi, dakika tano au kumi, mara kadhaa kwa siku. Akifanya vema apewe kipande kidogo cha nyama au dagaa, ambao huku twawaita mukene, papo hapo. Akipigwa kwa sababu alichelewa kuja, atajifunza jambo moja tu: kwamba kuja kwako ni hatari.

Wengine hudhani ya kuwa mbwa hufanywa mlinzi kwa kufungwa mnyororo mchana kutwa na kufunguliwa usiku. Mimi sikubali. Mbwa aliyefungwa siku zote hubwekea upepo, mbuzi na mtoto wa jirani sawasawa na mwizi, na mwisho hakuna anayeamka kumsikiliza. Mlinzi mwema ni yule awajuaye watu wa nyumbani, akajua na mgeni ni nani. Ujuzi huo hapati akiwa kwenye mnyororo nyuma ya jiko.

Sasa mtaona kwa nini namkataza mwanafunzi wa bweni. Likizo yetu ndefu ni ya mwisho wa mwaka, nayo ni ya majuma machache tu. Mbwa atakayechukuliwa Desemba ataanza kumjua bwana wake, kisha bwana huyo atafunga sanduku lake na kurudi shuleni. Nani atamtembeza? Mama aliye sokoni tangu alfajiri? Mdogo wako wa miaka minane, ambaye mbwa aweza kumvuta akamwangusha? Mbwa atafungwa, atabweka, atachukiwa, na katika muhula wa pili atarudishwa alikotoka au kuachwa njiani. Kumtoa makaoni na kumtupa tena ni kumdhulumu mara mbili. Mwanafunzi apendaye mbwa na ayaulize makao yaliyo karibu na kwao kama yahitaji msaada wa kusafisha vibanda au kutembeza mbwa wakati wa likizo. Hapo atafanya kazi ya kweli, wala hatavunja ahadi na mtu.

Najua wengine watasema, "Watu wenyewe wana shida, wewe waleta habari za mbwa!" Neno hilo lina uzito, nami nalijibu. Ugonjwa wa kichaa cha mbwa ungali ukiua watu katika Afrika na Asia, na katika kila watu mia wanaoupata, karibu 99 huupata kwa mbwa. Watoto ndio huumwa zaidi. Dalili zikitokea, dawa haipo. Lakini kinga ipo. Wataalamu husema mbwa 70 katika kila mia wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Mbwa mwenye bwana hupelekwa kuchanjwa. Mbwa wa jalalani hana wa kumpeleka. Basi anayemtunza mbwa huwatunza na watoto wa mtaa mzima. Na mtu akiumwa, kidonda kioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile, hata kama kidonda ni kidogo.

Kwa hiyo nawaambia wanafunzi wetu wa zamani: mkienda makaoni, ulizeni kama mbwa amechanjwa na kuhasiwa, na kwa nini alitolewa kwa bwana wake wa kwanza. Ombeni kumtembeza kabla ya kumchukua. Mkumbuke pia ya kuwa wako majirani, hasa Waislamu, wasiopenda kuguswa na mate ya mbwa kwa ajili ya dini yao. Ua mzuri na adabu ya mbwa ndiyo heshima yao. Tena mbwa aweza kuishi miaka kumi na zaidi, bali ukorofi wa ujana hupita kwa mwaka mmoja au miwili. Atakayevumilia muda huo atakuwa na mlinzi na mwenzi kwa miaka iliyobaki. Asiyekuwa na nusu saa asubuhi na nusu saa jioni, basi na anunue kufuli.