Ukristo wa Jumanne asubuhi

Ijumaa usiku sisi ni moto. Ukipita Wote, Emali, Mwingi au Kitui mjini siku ya kesha, utasikia spika zikinguruma hadi alfajiri, vijana wamekauka koo, mikono juu, machozi yanatiririka. Jumapili tuko tena, shati limepigwa pasi, kwaya imejipanga. Kisha inakuja Jumanne. Jumanne saa kumi na mbili asubuhi hakuna spika, hakuna kwaya, hakuna mchungaji wa kukuambia uinue mkono. Ni wewe, godoro na simu. Naamini imani ya wengi wetu huku Ukambani inafia hapo, na hakuna hata anayewekwa matanga.

Nianze na yangu. Nilipokuwa chuoni nilikuwa mwombaji sugu. Umoja wa Wakristo ulikuwa na ibada ya alfajiri, maombi ya saa saba mchana, somo la Biblia Jumatano na kesha mwisho wa mwezi. Sikukosa. Wenzangu waliniita mchungaji, na nikilisikia jina hilo nilikuwa natembea kifua mbele. Mwaka wa pili karo ikakatika, nikafunga sanduku, nikarudi nyumbani Makueni. Katika muda wa wiki tatu hivi nilikuwa siombi tena. Sikuwa nimemkasirikia Mungu, wala sikuwa nimepoteza imani kwa hoja yoyote ya maana. Kengele tu ndiyo haikuwepo. Kumbe miaka ile yote nilikuwa abiria. Mtu anaweza kupita barabara ya Nairobi mara mia akiwa amelala kwenye matatu, akadhani anaijua njia, mpaka siku atakapopewa usukani.

Na ile nafasi haikukaa tupu. Iliingia simu. Nikifungua macho naperuzi, nikifumba macho naperuzi.

Nina rafiki yangu wa bodaboda, tulisoma naye shule ya msingi. Siku moja nikamuuliza kama yeye huomba. Akacheka. "Mimi mambo ya kila siku siyawezi, ndugu yangu. Mimi ni mtu wa Jumapili." Sasa huyu mtu asiyeweza mambo ya kila siku, kila asubuhi kabla hajapiga mswaki, anaangalia matokeo ya mechi za usiku. Anasoma nani ameumia, nani amerudi, nani anacheza nyumbani. Halafu anatengeneza mkeka wake wa shilingi hamsini. Ni mwaka wa pili sasa, na hakumbuki siku aliyoruka. Hata asubuhi ya mazishi ya baba yake mdogo alijitenga nyuma ya hema dakika tano. Nilimwambia: wewe si mtu asiyeweza mazoea, wewe ni mtawa.

Tusimcheke peke yake, kwa sababu kamari imetushinda akili mahali ambapo kanisa halijajaribu hata kushindana. Tazama jinsi inavyofanya kazi. Haimsubiri ajisikie vizuri. Ni kitu kidogo, dakika kumi. Ina saa yake na mahali pake. Na akifika steji kuna wenzake watakaomuuliza, "Jana ulikula ama uliliwa?" Hayo tu. Shetani, kama ndiye, hakuhitaji semina ya siku tatu.

Sisi kwa upande wetu tumefundishwa kwamba maombi ni lazima yaanze na hisia. Kama huna mzigo moyoni, subiri uupate. Kama hujasikia "uwepo", basi hukuomba. Kwa hivyo tunangoja. Na kwa sababu hisia haziji Jumanne saa kumi na mbili asubuhi, na hasa haziji ikiwa kazi ni ya kubahatisha na kodi ya nyumba inakaribia, tunaendelea kungoja mpaka kesha ijayo.

Nilianza kuliona jambo hili vingine kwa susu yangu, yaani nyanya, upande wa Kitui. Nilikaa kwake miezi miwili nikimsaidia kuvuna ndengu. Susu hana ratiba ya ibada. Ana moto. Kila asubuhi akipiga magoti kupuliza makaa ya jana, anaomba akiwa hapo hapo chini, magoti yashapigwa tayari. Anataja majina ya watoto wake mmoja mmoja na wajukuu waliotawanyika, Mombasa, Nairobi, Kibwezi. Moto ukishika, amina, chai inapanda. Haifiki dakika saba. Siku ya kwanza nilimuuliza kama hiyo ndiyo ibada yake yote. Akaniuliza kama mimi nilikuwa nimemsalimia aliyeniamsha. Sikuwa na jibu, nikachukua mitungi nikaenda kutafuta punda.

Punda mwenyewe alinifundisha jambo. Mvua isiponyesha, huku maji yanatafutwa chini ya mchanga wa mto mkavu. Unafukua, unangoja yachuruzike, unateka kwa kikombe, na kesho unafukua tena kwa sababu mchanga umeporomoka. Hakuna anayelalamika kwamba kufukua kila siku ni unafiki au ni dini ya mazoea. Ukiruka siku, mbuzi watakuambia.

Najua mtu atasema mazoea yanaua roho, kwamba Mungu hataki maneno ya kukariri. Na mimi nilisema hivyo. Tulikuwa tukiwacheka wenzetu Wakatoliki na rosari zao, na sala ya Malaika wa Bwana asubuhi, adhuhuri na jioni. Kisha nikapita miezi ile baada ya chuo, nikiwa sina neno hata moja la kumwambia Mungu, na kitu pekee kilichokubali kutoka mdomoni kilikuwa Baba Yetu. Niliikariri nikiwa mdogo bila hisia yoyote, na miaka baadaye ikanibeba kama gunia. Kitui mjini ukiamka mapema utasikia adhana. Mwadhini haulizi nani amejisikia. Na kabla hujasema hayo ni ya dini nyingine, fungua Marko sura ya kwanza, aya ya 35, uone Yesu aliamka saa ngapi na akaenda wapi, siku moja tu baada ya kuponya umati hadi usiku. Danieli naye alikuwa na saa tatu kwa siku na dirisha lake. Hakuna aliyemwita mnafiki. Walimtupia simba.

Kuna jambo la historia yetu ambalo tumelisahau. Peter Cameron Scott na wenzake wa Africa Inland Mission walifungua kituo chao cha kwanza Nzaui, hapa Makueni, mwaka 1895. Mwaka uliofuata Scott akafa, akiwa na miaka 29, kijana kama sisi. Imani iliendelea bila yeye, na Wakamba waliowafuata wamishonari waliitwa asomi, wasomaji. Fikiria jina hilo. Watu waliwatambua Wakristo kwa kitu walichoonekana wakifanya siku za kawaida, kitabu mkononi. Leo jirani yako angekuita nani kwa anachokuona ukifanya asubuhi?

Na vitabu vyenyewe tunavyo. Johann Ludwig Krapf alichapisha Injili ya Marko kwa Kikamba mwaka 1850, kabla reli, kabla mkoloni, kabla Nairobi kuwepo. Karne moja na nusu baadaye, John Mbiti, mzaliwa wa Mulango pale Kitui, msomi ambaye dunia nzima inamjua kwa maandishi yake juu ya dini za Kiafrika, alitafsiri Agano Jipya lote kutoka Kigiriki hadi Kikamba. Lilitoka mwaka 2014, yeye akiwa na zaidi ya miaka 80. Alifariki Oktoba 2019 huko Uswisi. Profesa aliyefundisha Makerere, aliyeishi Ulaya miaka mingi, na bado aliona lugha ya mama yake inastahili kazi yote hiyo. Agano Jipya lina sura 260. Ukigawanya kwa siku tano za wiki, ukajiachia Jumamosi na Jumapili, unapata mwaka mmoja kamili, wiki 52, bila sura moja kubaki. Nilipopiga hesabu hiyo mara ya kwanza nilidhani nimekosea, nikarudia kwa kikokotoo.

Lakini usianze na 260, utachoka wiki ya pili. Anza na Marko, sura 16. Soma kwa lugha inayokugusa, iwe Kiswahili au Kikamba. Na tafadhali, Biblia ya karatasi. Sina ugomvi na Biblia ya simu, ninayo, ila kila nilipoifungua nilijikuta dakika nne baadaye nikimtazama mtu akipika mandazi kule Tanzania. Simu inalala mezani, kitabu kinalala kando ya mto wa kitanda, na yule atakayeguswa kwanza asubuhi ndiye mwenye siku.

Kingine: kifunge kwenye kitu ambacho tayari hakikosi. Susu ana moto. Rafiki yangu ana pikipiki inayohitaji kupashwa dakika chache kabla ya kutoka. Wewe labda una foleni ya maji, au ile safari ya matatu kutoka Kathonzweni hadi Wote, au unafungua kibanda cha Mpesa na mteja wa kwanza haji kabla ya saa moja na nusu. Usitafute saa mpya kwa sababu huna.

Sasa niseme kuhusu aibu, kwa maana nadhani ndiyo inayotumaliza kuliko uvivu. Unaanza vizuri, siku tisa mfululizo. Ya kumi unakosa, ya kumi na moja unakosa. Ya kumi na mbili unaanza kumkwepa Mungu jinsi mtu mwenye deni anavyokwepa duka, anazunguka njia ya nyuma. Unajiambia utarudi Januari, au kanisa likitangaza zile siku 21 za kufunga. Kumbe Mungu haendeshi Fuliza. Siku ulizokosa hazijumlishwi wala hazina riba. Ukikosa Jumatatu na Jumanne, Jumatano soma sura moja ya Jumatano, si tatu. Mimi nilikosa wiki nzima mwezi wa nne, kwa malaria, na nyingine kwa uvivu mtupu. Nilirudi nilipokuwa nimeachia.

Jambo hili lina uzito kuliko kupata amani ya moyo. Mwaka 2023 zaidi ya miili 400 ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kilifi, ya watu walioambiwa kufunga hadi kufa ndiko kumwona Yesu. Sidai kwamba waliokufa hawakusoma Biblia, wengine huenda waliisoma kutuliko. Lakini mtu asiyemsikia Mungu siku yoyote ila kupitia mdomo wa mtu mmoja mwenye spika yuko hatarini, awe Malindi au Mutomo. Ukiwa umesoma Marko mara tatu kwa utulivu, mtu akikuambia Yesu anataka watoto wanyimwe chakula, utakumbuka binti Yairo. Alipofufuka, Yesu aliagiza apewe chakula.

Na tuna tabia nyingine ya kitaifa ya kuomba kwa tukio. Februari 14, 2023, baada ya misimu mitano ya mvua kufeli, nchi iliitwa kuombea mvua. Tukaomba. Machi ikanyesha. Sijasikia tukiitwa kushukuru.

Kwa hivyo hoja yangu iko kwa wachungaji, mapadri na wazee wa kanisa wa Kitui na Makueni, kwa heshima zote. Mnatununulia spika. Mnatuletea wahubiri wa wageni na mabango makubwa. Kijana anayetoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri kuwahi steji anakuta lango la kanisa lina kufuli hadi Jumapili, na katika wiki nzima hakuna anayemuuliza alisoma nini. Fungueni milango saa kumi na moja na nusu, siku za kazi. Hatuhitaji mahubiri. Taa moja, benchi, Biblia tatu, na mzee mmoja aliyezoea kuamka mapema, asiyesema sana. Dakika kumi na tano mtu anaondoka na helmeti yake. Wakatoliki wana jumuiya ndogo ndogo tayari, zinaweza kukutana hata kwenye steji. Gharama yake haifiki mafuta ya jenereta la kesha moja.

Rafiki yangu yule bado anabeti, nisiwadanganye. Ila tulikubaliana aanze na Marko injini ikipata moto, na jioni tukikutana namuuliza, kama wanavyomuuliza kuhusu mkeka. Wiki iliyopita alifika sura ya 14 akanipigia simu analalamika: aya 72, na mteja wa kwenda Nziu alikuwa ameshapanda nyuma. Nikamwambia asome nusu. Akasema amefika pale Petro analala wakati ameambiwa akeshe, na anataka kujua kama aliamka.